Wastani wa Dagoretti, Mwaka wa Bondeni

Kila siku saa tatu asubuhi, pale Dagoretti Corner kando ya Ngong Road, kuna mtu anayekwenda kwenye kipima mvua, anatoa chupa iliyo ndani, anamimina maji katika bilauri nyembamba yenye mistari na kusoma. Chombo chenyewe ni cha kawaida kabisa: faneli iliyokaa juu ya kopo, mahali pasipo na mti wala ukuta wa kuzuia matone. Akisoma milimita 20, maana yake ni kwamba kila mita moja ya mraba imepokea lita 20 za maji tangu jana saa kama hiyo. Anaandika. Kama haikunyesha, anaandika pia kwamba haikunyesha, kwa kuwa siku kavu nazo zina nafasi yake katika hesabu.

Daftari la namna hiyo ndilo lililozaa neno ambalo Wakenya hulisikia redioni msimu wa masika unapokaribia, na tena vuli inapokaribia: wastani. Mvua itakuwa juu ya wastani, mvua itakuwa chini ya wastani. Wastani huo ni jumla ya miaka 30 ya saa tatu asubuhi, ikagawanywa. Kwa Dagoretti jumla ya mwaka hucheza karibu na milimita 1,000. Sehemu kubwa huja katika masika, Machi hadi Mei, Aprili ikiongoza. Sehemu nyingine huja katika vuli, Oktoba hadi Desemba.

Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yapo hapo hapo kwenye Corner. Upande mmoja iko Kawangware, upande wa pili iko Kibera, na ukiifuata Kibera kushuka na mteremko wake unafika Nyayo Highrise, magorofa yanayoitazama Mbagathi Way kwa mbele na mabati ya Soweto na Silanga kwa nyuma. Chini yake kuna Bwawa la Nairobi, na ng'ambo ya barabara ya Lang'ata kuna uwanja wa ndege wa Wilson, ambao nao una kituo chake cha kupima mvua. Sehemu chache sana za nchi hii zimepakana na vipimo vya mvua kwa karibu namna hiyo. Hata hivyo, miaka nenda miaka rudi, utabiri unaotoka Corner na maji yanayoingia nyumbani bondeni vimekuwa kama habari za nchi mbili.

Nadhani najua chanzo. Ofisi hulinganisha msimu ujao na wastani. Watu wa bondeni huulinganisha na mwaka. Kwa mzee aliyekaa Lindi au Laini Saba, vijiji vya Kibera, kwa miaka 40, swali la maana ni kama mvua hii itafika ile ya 1997, au kwa waliomtangulia, ile ya uhuru, ya 1961. Historia ya utabiri wa misimu katika Afrika Mashariki ni historia ya vipimo hivyo viwili kushindwa kukutana.

Huduma ya hali ya hewa ya makoloni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1929, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter. Mwanasayansi huyo alikuwa ametoka Mauritius, kisiwa cha miwa na vimbunga, ambako alikuwa amezoea kuuliza ni kiasi gani cha mavuno kilichoondoka na upepo. Ujio wake ulikuwa na maana. Mtu aliyetoka kwenye vimbunga anajua kwamba mwaka mmoja mbaya unaweza kuzidi miaka ishirini ya kawaida.

Na pwani yetu ilikuwa na ushahidi wake. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kuing'oa mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ikahamia Pemba. Mwaka 1952, tena katikati ya Aprili, kimbunga kingine kiliingia Lindi, kusini mwa Tanganyika. Ukichukua karne nzima na kutafuta wastani wa vimbunga vinavyoingia nchi kavu kati ya Mombasa na Mtwara, utapata namba inayokaribia sifuri, na namba hiyo ni ya kweli. Mwenye mikarafuu wa 1872 isingemsaidia kitu.

Walter na wenzake hawakuwa na namna ya kutabiri msimu. Walichokuwa nacho ni daftari na subira. Huko India, Gilbert Walker, aliyeanza kuongoza idara ya hali ya hewa 1904 baada ya njaa kubwa za mwisho wa karne ya 19, alikuwa akitafuta uhusiano kati ya mgandamizo wa hewa wa bahari za mbali na mvua ya monsuni. Katika miaka ya 1920 aliueleza mbembeo wa hewa kati ya Pasifiki na Bahari ya Hindi. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla Jacob Bjerknes hajaonyesha, 1969, kwamba mbembeo huo na joto la bahari liitwalo El Niño ni jambo moja. Kwa hiyo vuli ya 1961 ilipofika, hapakuwa na mtu Nairobi wa kusema lolote mapema.

Wazee wanaoikumbuka vuli hiyo huieleza pamoja na ukame uliotangulia. Mifugo ilikuwa imekufa, mahindi yalikuwa yameshindwa, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa chakula cha msaada. Jomo Kenyatta alirudi Gatundu Agosti 1961. Oktoba mbingu zikafunguka, Novemba zikazidi. Barabara zilikatika, mito ikapanda, ndege zikadondosha chakula kwa watu waliozingirwa na maji. Tanganyika ilipata uhuru wake 9 Desemba mwaka huo mvua ikiendelea. Ziwa Victoria lilianza kupanda na halikusimama hadi 1964, likiwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Tungeelewa sababu baadaye sana: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia yalikuwa baridi kuliko kawaida, hali ambayo wanasayansi waliieleza rasmi 1999.

Kibera ya 1961 ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa ardhi ya Wanubi, familia za askari wa King's African Rifles waliowekwa pale mwanzoni mwa karne, wenye nyumba zilizotawanyika, mashamba na miti. Mto Motoine ulipita katikati na kumwagika kwenye Bwawa la Nairobi, lililokamilika 1953 ili kuupa mji maji ya kunywa. Baadaye wenye nafasi walipeleka mashua za matanga hapo wikendi. Mvua ya 1961 ilikuta nyasi na udongo wa kuinywa, na bwawa lenye kina cha kuipokea.

Inabidi kulikumbuka hilo kila tunaposikia neno wastani. Miaka iliyofuata, wenye nyumba walijenga vyumba vya kukodisha, watu wa bara wakaja kutafuta kazi, na vijiji vya Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Mashimoni, Silanga vikajazana mpaka ukingoni mwa maji. Mabati yalifunika udongo. Taka zilijaza mitaro. Bwawa lilijaa tope, kisha gugu maji likalifunika, hata mgeni anayelitazama kutoka gorofa ya Nyayo Highrise anaweza kudhani ni shamba la mboga. Kipima mvua cha Corner hakina habari ya hayo yote. Kinaweza kuandika milimita zilezile za 1965 na za 2015, na wastani ukabaki ulivyo, ilhali mafuriko ya mwaka mmoja yaliishia mtoni na ya mwaka wa pili yakafika kitandani.

Hesabu yake si ngumu. Chumba cha Kibera kwa kawaida ni futi kumi kwa kumi, yaani mita za mraba tisa na kidogo. Milimita 100 zikinyesha usiku mmoja, bati la chumba hicho peke yake linamwaga zaidi ya lita 900, mitungi 45 ya lita 20. Vyumba vinane vya ploti moja vinamwaga mitungi 360, yote ikielekea kwenye kichochoro kimoja ambacho mtu mnene hukipita kwa ubavu. Kichochoro kinaishia kwenye mtaro, mtaro unaishia kwenye kijito, na kando ya kijito kuna chumba ambacho kodi yake ni nafuu kwa sababu hiyo hasa.

Mwaka 1997 dunia iliiona El Niño ikija. Maboya ya kupima joto la Pasifiki, yaliyokamilika kutandazwa 1994, yalionyesha bahari ikichemka tangu katikati ya mwaka. Habari zilifika Nairobi. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba Bahari ya Hindi nayo ingejipanga kama ya 1961, na kwamba mambo hayo mawili yangekutana. Mvua ilianza Oktoba na haikuachilia hadi mapema 1998. Barabara ya Mombasa ilikatika. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini mashariki, ikaua watu na mifugo. Katika vitongoji vya Nairobi ilikuja kipindupindu. Tangu hapo, kwa Mkenya wa kawaida, mvua kubwa yoyote ni El Niño, hata ile isiyo na uhusiano wowote na Pasifiki, na kila utabiri unapimwa kwa mwaka huo.

Mvua hizo zikiwa bado zinanyesha, Februari 1998, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika walikutana Nairobi kwa jukwaa lao la kwanza la utabiri wa msimu. Kituo cha kufuatilia ukame kilichokuwa kimeanzishwa Nairobi 1989 ndicho kilichokuwa mwenyeji. Baadaye kituo hicho kikaingia chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hilo, na kujulikana kama ICPAC. Majukwaa hayo yanaendelea hadi leo. Wataalamu huketi kabla ya kila msimu, hutazama joto la bahari, huendesha mifano yao ya kompyuta, kisha kila nchi huenda kuandika utabiri wake.

Hapa lazima nieleze namna utabiri huo unavyotengenezwa, kwa sababu ndipo tatizo lilipojificha. Chukua masika 30 za daftari. Zipange kutoka iliyonyesha zaidi hadi iliyonyesha kidogo. Kumi za juu huitwa juu ya wastani, kumi za katikati huitwa wastani, kumi za chini huitwa chini ya wastani. Mtu asiyejua lolote angelipa kila fungu theluthi moja. Kazi ya mtabiri ni kuzisogeza hizo theluthi. Anaweza kusema juu ya wastani asilimia 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Ukisikia hivyo redioni, kwa kifupi cha mtangazaji, unasikia "mvua itakuwa nyingi". Utabiri wenyewe umesema kwamba katika misimu mitano ya namna hiyo, mmoja unaweza kuwa mkavu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Fungu la juu lina misimu kumi ndani yake. Vuli nazo hupangwa hivyo: iliyozidi kawaida kwa siku chache za mvua imo humo, na inayofanana na 1997 ingewekwa kwenye fungu lilelile. Mtu wa Nyayo Highrise anayetaka kujua kama aahirishe kufua blanketi, na mtu wa Silanga anayetaka kujua kama amhamishe mama yake mgonjwa, wote wawili wanapewa jibu moja.

Wamarekani wanalijua tatizo hili kupitia vimbunga vyao. William Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alianza 1984 kutabiri idadi ya vimbunga vya Atlantiki kabla ya msimu, na kila mwaka namba hizo hulinganishwa na wastani wa miaka 30. Wastani wa sasa, wa 1991 hadi 2020, ni dhoruba 14 zenye majina, saba kati yake zikiwa vimbunga kamili. Wastani wa 1981 hadi 2010 ulikuwa dhoruba 12. Kumbe hata kipimo chenyewe husogea, na mwaka uliohesabiwa kuwa wa juu jana unaweza kuhesabiwa wa kawaida leo. Mwaka 2024 chuo hicho kilitabiri dhoruba 23 na vimbunga 11. Zikaja dhoruba 18, na vimbunga 11 barabara. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ukimwuliza mkazi wa kusini mwa Florida ni msimu gani ulimharibia maisha, wengi watakutajia 1992, mwaka ambao dhoruba zilikuwa chache kuliko kawaida. Kimbunga cha kwanza cha mwaka huo kilikuwa Andrew, na 24 Agosti kilipita juu ya Homestead.

Huku kwetu somo kama hilo lilikuja kwa kinyume chake, 2015. Pasifiki ilichemka tena karibu kama 1997. Serikali ilitangaza maandalizi, magazeti yalichapisha picha za zamani za madaraja yaliyozama, na watu wa bondeni walijipanga. Vuli ikaja na mvua nzuri sehemu nyingi, lakini ukali wa 1997 haukuja. Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu kama mara ile. Wataalamu hawakuwa wamekosea sana, maana walikuwa wamesema juu ya wastani na sehemu kubwa ilipata juu ya wastani. Wananchi walikuwa wamesikia 1997, wakaona hakuna, wakahitimisha kwamba wamedanganywa. Imani hiyo iliyopotea iligharimu miaka.

Na kilicho kibaya zaidi, mwaka huohuo uliosemekana haukuwa na El Niño ya kweli, maji yaliingia majumbani. Shirika la Kounkuey Design Initiative, ambalo limekuwa likijenga viwanja vya umma, mitaro na kingo kandokando ya vijito vya Kibera tangu 2006, liliwauliza wakazi kuhusu mafuriko ya 2015. Karibu nusu walisema maji yaliwaingilia nyumbani. Kwa hesabu ya daftari ulikuwa mwaka wa kustahimilika. Kwa nusu ya bonde ulikuwa mwaka wa kuanika magodoro. Mwaka uliofuata, usiku wa 29 Aprili 2016, baada ya siku ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma na kuua watu karibu 50. Msimu haukuwa umefika hata mwisho wake. Usiku mmoja ulitosha.

Masika ya 2018 ilivunja rekodi sehemu nyingi za Kenya ya kati. Nairobi ilifurika mara kwa mara kuanzia Machi, na 9 Mei kuta za bwawa la Solai huko Nakuru zilipasuka na kusomba watu zaidi ya 40. Hapakuwa na El Niño. Mary Kilavi wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na wenzake waliichambua masika hiyo katika makala ya kisayansi waliyoichapisha mwaka huohuo, na walichokigundua kinafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kaunti. Utabiri wa msimu haukuweza kuonyesha ukali uliokuja. Utabiri wa wiki moja hadi chache mbele, kwa upande wake, uliweza, kwa sababu mvua ile ilibebwa na wimbi la hewa linalozunguka tropiki kila baada ya siku 30 hadi 60, na wimbi hilo huonekana likija.

Ugunduzi huo unakwenda na jambo ambalo watabiri wamelijua siku nyingi. Vuli inatabirika vizuri kiasi, maana imefungwa na bahari. Masika haifungiki hivyo, na uhakika wake ni mdogo. Nairobi hupata mvua nyingi zaidi katika masika. Maana yake ni kwamba msimu unaoihatarisha zaidi Kibera ndio ambao utabiri wa miezi mitatu unaujua kidogo zaidi.

Yaliyofuata yalikuja kwa kasi. Vuli ya 2019, Bahari ya Hindi ilijipanga kwa nguvu zaidi ya ilivyokuwa kwa miongo, na Novemba maporomoko yakaua watu zaidi ya 50 Pokot Magharibi. Kisha kuanzia vuli ya 2020 misimu mitano mfululizo ilishindwa, ukame mbaya kuliko wote katika miaka 40. Mtoto aliyezaliwa Kibera 2015 alikuwa ameona, kabla ya kufika darasa la tatu, mvua ya rekodi na ukame wa rekodi. Sijui mtu anamfundishaje mtoto huyo maana ya kawaida.

Mwishoni mwa Agosti 2023 idara ilitangaza kwamba El Niño imerudi na vuli itakuwa juu ya wastani. Mapema Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba wataalamu sasa wanasema El Niño ya kutisha haitakuwepo, itakuwa mvua tu. Idara, ikiongozwa na Dkt. David Gikungu, ilirudi kufafanua kwamba El Niño tayari ipo baharini na mvua ya juu ya wastani bado inatarajiwa. Naamini pande zote mbili zilikuwa zikipigana na kivuli cha 1997. Aliyesema "haitakuwepo" alikuwa anakanusha kurudi kwa mwaka ule. Waliosema "ipo" walikuwa wanazungumzia joto la maji na asilimia za fungu la juu. Raia alisikia ndiyo na hapana katika wiki moja. Novemba mvua ilikuja, zaidi ya watu 100 wakafa nchini, na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Ardhi ilikuwa bado imelowa masika ya 2024 ilipoingia. Utabiri ulikuwa umesema wastani hadi juu ya wastani sehemu nyingi, Nairobi ikiwemo. Aprili ilikuwa nzito tangu wiki zake za kwanza, na usiku wa kuamkia 24 Aprili mji mzima ulizama: Mathare, Mukuru, na vijiji vya ukingoni Kibera. Watu waliweka watoto juu ya kabati, wakakata mabati ya paa ili kutokea juu. Siku tano baadaye, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli la zamani yalilipasua na kuishukia Mai Mahiu usiku, watu wapatao 50 au zaidi wakafa. Serikali iliamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, kisha tingatinga zikafuata. Hesabu ya waliokufa nchini ilifika karibu 300. Mwanzoni mwa Mei, wakati wanajeshi wakiendelea kutafuta miili, kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia, baada ya kufikia baharini nguvu ambazo kumbukumbu za vipimo vya eneo letu hazikuwahi kuandika. Kenya iliponea chupuchupu. Wastani unaokaribia sifuri ulikuwa umetimiza kazi yake ya kutojulisha.

Kuna waliojaribu kuziba pengo hilo, na wanastahili kutajwa. Mradi wa DARAJA, ulioanza 2018 Nairobi na Dar es Salaam, uliwaketisha watabiri wa Dagoretti na wakazi wa Kibera meza moja. Wakazi walisema wanachotaka: kujua leo na kesho, si miezi mitatu pekee, kujua ni saa ngapi, kuambiwa la kufanya, kama kuzibua mtaro, kuinua vifaa vya umeme kutoka sakafuni, kumtoa mtoto shuleni kwa njia isiyovuka kijito. Ujumbe ukaandikwa kwa lugha nyepesi, ukapitia redio, simu, shule na viongozi wa vijiji. Kibera ina redio yake, Pamoja FM, na redio ya mtaa ikitaja daraja kwa jina lake msikilizaji anajua kama lipo njiani kwake. Milimita 40 zinazosomwa Corner hazimwambii hilo.

Mimi nataka kitu kimoja zaidi, nacho ni kidogo. Utabiri wa msimu uendelee kutolewa na kulinganishwa na wastani, maana mkulima wa Machakos, mwenye bwawa la umeme na mnunuzi wa mahindi wanauhitaji hivyo. Ila kila unapotolewa kwa ajili ya Nairobi, chini ya ramani ile ya rangi kuwe na mstari wa miaka: msimu uliokuwa na bahari kama ya sasa ulikuwa upi, ulileta milimita ngapi Dagoretti na Wilson, siku yake nzito zaidi ilileta ngapi, na ni kata zipi zilizofurika siku hiyo. Mkazi wa Silanga akisoma kwamba bahari ya mwaka huu inafanana na ya 2015 kuliko ya 1997, na kwamba hata 2015 maji yaliingia karibu nusu ya nyumba zilizoulizwa, atakuwa amepewa kipimo anachokitumia tayari kichwani mwake, safari hii kikiwa na namba sahihi. Daftari za Oktoba 1997, za Aprili 2018 na za Aprili 2024 ziko mikononi mwa idara. Kuziandika kwenye taarifa ya Februari, masika inapokaribia, ni kazi ya mchana mmoja.